Vidonge Viwili Kabla ya Chapati

Bokoboko la ngano na nyama lilipomfikia, Tazim aliipitisha sahani kwa mtu wa kulia kwake, akafungua kibakuli cha plastiki alichotoka nacho nyumbani Tabata. Ndani mlikuwa na wali, maharage ya nazi na kipande cha samaki wa kukaanga. Alijaribu kukifungua polepole, lakini kifuniko kililia pa! Wanawake wote waliokaa kwenye mkeka wakageuka.

"Bado tu hujaanza kula chakula cha watu?" aliuliza shangazi mmoja. "Mwezi wa ngapi sasa?"

"Wa nane, shangazi."

"Ngano hii wameila babu zetu tangu Kachi huko India mpaka leo. Wewe peke yako ndiyo inakuua."

Wakacheka, si kwa ubaya sana. Tazim naye alicheka, maana mtu akichekwa kwenye akika ya watu hana la kufanya isipokuwa kusaidia kucheka. Aliyeshindwa kucheka ni mama mkwe wake, Roshanara. Yeye aliinamisha uso, akawa anakata bokoboko lake kwa kijiko vipande vidogo vidogo asivyovila. Kwake yeye aibu haikuwa ugonjwa. Aibu ilikuwa kile kibakuli. Ndugu zake wangesema nini, kama si kwamba nyumbani kwa Roshanara wakwe wanajipikia?

Ugonjwa wenyewe ulikuwa na jina ambalo hakuna aliyelijua pale Kinondoni kabla ya Tazim kuugua: seliaki. Daktari wake, Dokta Gaudens, alieleza kwamba ndani ya ngano mna kitu kiitwacho gluteni, ule mnato unaofanya unga uvutike ukikandwa, na kwamba kila gluteni inapoingia tumboni mwa Tazim, mwili wake unaugeukia utumbo na kuujeruhi. Mpaka jina hilo lilipopatikana alikuwa amekwisha kupoteza mimba mbili na kukonda hadi pete ya ndoa ikawa inamdondoka akiosha vyombo. Tangu aache ngano alikuwa ameongeza kilo tisa.

Upande wa wanaume, mwenye nyumba, Husseinali, alimwita Abid, mume wa Tazim, barazani. Husseinali alikuwa ndugu mdogo wa Roshanara, mjomba wa Abid, na pia tajiri yake: Abid alikuwa karani wa stoo katika duka la mjomba la vyombo vya nyumbani, Buguruni.

"Nimemwona mkeo na kibakuli chake," alisema Husseinali. "Imeniuma. Wallahi imeniuma." Akatoa mfukoni chupa nyeupe yenye picha ya shuke la ngano lililokatwa katikati. "Nimeanza kuleta hizi. Vimeng'enya. Unajua kimeng'enya ni nini? Ndicho kinachosaga chakula tumboni. Mate yako yanacho, tumbo lako linacho. Mkeo amepungukiwa cha kusagia ngano, basi. Humu ndani kipo. Vidonge viwili kabla ya kula, halafu anakula anachotaka."

"Mjomba, daktari alisema ngano ndiyo basi, maisha yake yote."

"Daktari anasema anachokijua. Huko ng'ambo watu wanameza hivi na kula mikate. Mie mwenyewe namezaga kwa ajili ya gesi, na inanisaidia." Hapo hakusema uongo, gesi ilikuwa imempungua kweli. "Ninauza elfu themanini na tano. Wewe nipe sabini. Usinipe leo, nitakata kwenye mshahara."

*

Tazim aliisoma karatasi iliyokuwamo ndani ya chupa mara tatu. Alikuwa mwalimu wa hesabu shule ya msingi, na alizoea kutafuta mahali hesabu ilipokosewa. Karatasi ilisema vidonge "husaidia usagaji wa gluteni". Haikusema vinasaga kiasi gani. Haikulitaja neno seliaki.

"Tumuulize kwanza Dokta Gaudens," alisema.

"Kumwona tu ni elfu thelathini, na miadi yako bado iko mbali," Abid alijibu. Kisha akalainisha sauti. "Jaribu, Tazim. Ukiona vibaya unaacha. Nani atakulazimisha?"

Hakuna aliyemlazimisha. Alikuwa amechoka tu. Alichoka kunusa sufuria kabla ya kupakua, kuuliza kama mchuzi umetiwa unga, kubeba kijiko chake msibani, kukataa keki ya siku ya kuzaliwa ya mwanafunzi na kumwona mtoto akinuna. Zaidi ya yote alichoka na saa saba mchana za nyumbani, pale Roshanara anapoketi na sahani ya chapati zilizofunikwa kitambaa, anampa mwanawe, anajipa mwenyewe, kisha anaisogeza sahani kando, mbali na Tazim, kwa heshima iliyouma kuliko tusi.

Ijumaa alimeza vidonge viwili, akasema, "Mama, leo nipe na mie."

Roshanara alimtazama mwanawe, akamtazama tena mkwewe. Akachagua chapati laini kuliko zote, akaikunja mara nne, akaiweka kwenye sahani ya Tazim kwa mikono miwili. Tazim alikata kipande, akachovya kwenye mchuzi wa dengu, akatafuna. Alikuwa amesahau kabisa jinsi chapati inavyokuwa ya moto katikati na kavu pembeni. Alikula nzima. Akaomba ya pili.

"Kula, mwanangu," alisema Roshanara, machozi yakimtoka waziwazi. "Miezi minane nilidhani mkono wangu ndio unakukinaisha."

Jumamosi ilipita salama. Jumapili ilipita. Wiki ikaisha bila kuhara, bila kuumwa, kiungulia kidogo tu. Chupa ya kwanza ilikwisha siku ya kumi, wakachukua ya pili. Husseinali alikuja Tabata kuona kwa macho yake, akamkuta Tazim mezani na kipande cha sambusa mkononi.

"Mashallah! Sasa nisaidie jambo moja," alisema, akitoa simu. "Niseme mie, watu wanaona nataka kuuza. Sema wewe maneno mawili, niyatume kwenye kikundi cha kina mama cha WhatsApp. Wako wengine wanateseka kama ulivyoteseka."

Tazim alisita, lakini Roshanara alikuwa amesimama mlangoni akitabasamu, na Abid alikuwa akimtazama kwa macho ya mtu aliyeondolewa mzigo. Akaishika simu.

"Mimi naitwa Tazim, naishi Tabata," alisema. "Nina seliaki. Miezi minane sikula ngano. Sasa natumia vimeng'enya hivi, nakula na watu wa nyumbani kwangu chakula kimoja. Tumbo langu zima. Alhamdulillahi."

Husseinali aliituma sauti hiyo hapohapo.

*

Wiki ya nne ngano ikaanza kudai.

Kwanza ulikuja uchovu, ule wa kuinuka kitandani asubuhi kama mtu aliyebeba magunia usiku kucha. Vikafuata vidonda mdomoni. Kisha tumbo likajaa, likawa gumu kama ngoma, na mbio za chooni zikarudi. Tazim alikuwa akifungua bomba la bafuni mpaka mwisho ili mama mkwe asisikie. Siku maji yalipokatika, alijaza ndoo mapema, akawa anamimina kwa kopo, polepole, kelele yake ifunike ile nyingine.

Hakumwambia mtu. Angeanzaje? Chupa ya nne ilikuwa imeshakatwa kwenye mshahara, na Roshanara alikuwa ameanza kuimba jikoni. Akajiambia pengine ni mchuzi, pengine ni maji ya Tabata. Akaongeza vidonge, vikawa vitatu kwa kila mlo.

Alhamisi moja, katikati ya somo la sehemu, tumbo lilimkata. Aliiacha chaki, akatoka haraka hadi choo cha walimu. Kilikuwa kimefungwa. Ufunguo ulikaa kwa mwalimu mkuu, Mwalimu Albano, mzee mpole aliyekuwa wakati ule ana wageni wawili kutoka ofisi ya kata.

"Shikamoo, Mwalimu. Samahani, naomba ufunguo."

"Marahaba. Ufunguo upi, mwalimu?"

"Wa choo."

"Ah." Alianza kupekua droo moja, akahamia nyingine. "Ulikuwa hapa. Mwalimu Sekela si ndiye aliuchukua? Ngoja... Kaa basi kidogo."

Tazim hakuweza kukaa. Hakuweza hata kusimama sawasawa. Wageni walitazama karatasi zao. Ufunguo ulipopatikana chini ya daftari la mahudhurio, haukuwa tena na kazi, na yeye alijua, na watu watatu mle ofisini walijua. Alirudi kinyumenyume hadi mlangoni, mkoba ameushikia nyuma ya baibui. Kwenye korido ukuta ulimsogelea, sakafu ikamfuata.

Alipofumbua macho, Sekela alikuwa amepiga magoti kando yake. Sekela alikuwa mwalimu wa Kiswahili, mwanamke wa Tukuyu mwenye sauti ya kuamrisha.

"Midomo yako imekuwa kama karatasi," alisema. "Unaumwa tangu lini?"

"Siumwi."

"Usinitanie. Inuka taratibu, bajaji iko getini." Akavua khanga aliyojitanda mabegani, akamfunga Tazim kiunoni, akakaza fundo. Hakuuliza kwa nini mkoba ulikuwa nyuma.

*

Dokta Gaudens aliyatazama majibu ya damu kwa muda mrefu kuliko Tazim alivyopenda. Abid alikuwa ameshafika, shati lina vumbi la stoo. Sekela alibaki nje kwenye benchi.

"Damu yako imeshuka hadi saba," alisema daktari. "Na una mimba ya wiki nane. Ulijua?"

Abid alishika ukingo wa meza. Tazim alitikisa kichwa. Siku zake zilikuwa zimepotea, lakini alidhani ni udhaifu.

"Umekula ngano?"

"Nimekula, daktari. Lakini kwa dawa." Akaitoa chupa mkobani, akaisukuma mbele kama mwanafunzi anayekabidhi kikaratasi cha kuibia mtihani.

Daktari aliigeuzageuza, akavaa miwani, akasoma. Hakufoka. Ingekuwa nafuu kama angefoka.

"Aliyekuuzia amekwambia vinavunja gluteni. Hakudanganya moja kwa moja. Amekupa robo ya ukweli, na robo ya ukweli ndiyo inayoua. Vimeng'enya vya aina hii vipo, na vinafanyiwa utafiti. Kwenye maabara vingine vinakata gluteni vizuri tu. Ila tumbo la mtu si chupa ya maabara. Kuna asidi, kuna chakula kingi, na chakula hakingoji. Vinakata sehemu, kinachobaki kinateremka. Kwako wewe hata makombo yanatosha."

"Mjomba alisema amepungukiwa cha kusagia ngano," alisema Abid.

"Hapana. Mtu asiyeweza kusaga maziwa, huyo amepungukiwa kimeng'enya, na akikimeza kinamsaidia. Mkeo hajapungukiwa kitu. Mwili wake unaiona gluteni kama adui, unapigana nayo, na uwanja wa vita ni utumbo wake. Mpaka leo hakuna kidonge kilichothibitishwa kumruhusu mgonjwa wa seliaki kula chapati. Hakuna."

"Mbona mwanzoni nilikuwa mzima?" Tazim aliuliza. "Wiki tatu nzima, daktari. Sikuhisi kitu."

"Kwa sababu miezi minane uliutunza utumbo wako ukapona. Hukulindwa na vidonge. Ulikuwa unakula akiba yako mwenyewe, na akiba imekwisha."

Nje muuguzi aliita namba.

"Na mimba?" alisema Tazim.

"Ngano unaacha leo, si kesho. Tutakuongezea madini ya chuma kwa dripu, utapumzika, nitakuona kila wiki mbili. Nitafanya ninaloweza." Akavua miwani. "Kukuahidi siwezi."

*

Roshanara aliwasikiliza akiwa amesimama, unga umemganda vidoleni. Abid alieleza yote. Alipomaliza, mama yake akasema jambo la kwanza lililomjia mdomoni:

"Huyo daktari ataka pesa za miadi. Mbona alikula wiki tatu akanawiri?"

"Mama," alisema Tazim. "Bomba la bafuni. Husikiagi nikifungua?"

Roshanara alianza kujifuta unga vidoleni. Alikuwa akisikia. Wiki mbili alikuwa akisikia bomba, na nyuma ya bomba alikuwa akisikia kile bomba lilichotakiwa kukificha, na kila mara alijiambia si chochote, kwa kuwa mchana ule mkwewe alikuwa amemaliza chapati mbili. Hilo hakulisema. Aliingia jikoni. Wakasikia masufuria yakishushwa rafuni, moja baada ya jingine, na sabuni ya unga ikimwagwa. Alisugua mpaka adhana ya magharibi. Gunia dogo la unga alilishusha ngazi mwenyewe hadi kwa mlinzi, na kibao cha kusukumia chapati, alicholetewa na mama yake siku ya harusi, akakifunga kwenye gazeti akakitia juu ya kabati.

*

Simu ya Hamida iliingia Jumatano, Tazim akiwa amelala kwa amri ya daktari.

"Samahani, dada. Wewe ndiye Tazim wa ile sauti?"

"Sauti ipi?"

"Ya vimeng'enya. Mie naitwa Hamida, niko Temeke. Nina binti wa miaka sita, Nargis, ana seliaki kama wewe. Nilikuwa namnyima mkate analia mpaka nalia naye. Nikaisikia sauti yako, nikasema Mungu kanijibu." Alivuta pumzi. "Sasa mwezi wa pili huu. Anatapika. Tumbo limejaa, miguu imekuwa vijiti. Nimepandisha vidonge vikafika vitatu. Nilitaka tu kukuuliza, wewe ulifika vingapi ndipo vikakukubali?"

Tazim aliketi kitandani. Ukuta wa chumba ulikuwa na kalenda ya duka la mjomba, na aliitazama bila kuiona.

"Hamida, nisikilize. Usimpe tena ngano. Leo. Hata kipande. Mpeleke hospitali."

"Kwa nini? Wewe si umepona?"

"Sikupona. Nilisema mapema. Niko kitandani, damu imeshuka, mimba yangu iko hatarini. Havifanyi kazi kwetu sie."

Sauti ya Hamida ikaja, ndogo, kama imetoka chumba kingine.

"Mbona basi sauti yako bado wanaituma? Jana tu imetumwa tena."

*

Jioni hiyohiyo Husseinali alikuja, maana Abid, kwa woga, alikuwa amempigia. Aliketi kwenye kochi bila kuegemea. Alileta machungwa.

"Nimesikitika, mwanangu. Mungu ni shahidi," alimwambia Tazim. "Pesa zote nilizokata kwa Abid ninarudisha. Huyo mama wa Temeke naye, nitamrudishia. Yaishe."

"Mjomba, ifute ile sauti. Uwaambie wote walionunua."

"Kuifuta nimeifuta. Lakini imeshasambaa, mie niifuate wapi?" Akapangusa jasho. "Kuwaambia, niwaambie nini? Kila mwili na mwili wake. Wako waliosaidika. Wenye gesi, wenye kiungulia."

"Hao si wenye seliaki."

"Nina katoni kumi na mbili stoo, Tazim. Nimekopea. Ukisimama wewe, mtu wa nyumbani, ukasema mjomba wa mume wangu anauza sumu..."

"Sitasema sumu. Nitasema kilichonipata."

Husseinali alimgeukia mpwa wake. "Abid, ongea na mkeo. Stoo haiwezi kukaa na karani ambaye nyumba yake inanibomolea jina. Sikutishi. Nakwambia dunia ilivyo."

Alipoondoka, Abid alisimama dirishani muda mrefu. Tazim alijua anachofikiria kwa sababu yeye pia alikuwa akikifikiria: kodi ya miezi sita iliyokaribia, dripu za madini ya chuma, mtoto ambaye huenda akaja.

"Umeshamwambia Hamida," Abid alisema bila kugeuka. "Wengine si watapelekana wenyewe hospitali? Lazima iwe wewe?"

"Walinunua kwa sauti ya nani?"

"Nani atanipa kazi, Tazim? Mwambie basi huyo daktari aseme. Yeye hana mjomba."

Tazim aliinuka akaenda kupakua. Walikula wali mweupe, na Roshanara, aliyekuwa amesikia kila neno, alikula huku akimtazama mwanawe kana kwamba anamkadiria upya.

*

Asubuhi Abid alipokwenda kazini, Tazim aliketi sakafuni jikoni, penye ubaridi, simu mapajani. Alikuwa ameandika maneno kwenye karatasi ya mazoezi ya hesabu. Mara mbili alibonyeza kuanza kurekodi, mara mbili akafuta.

Roshanara aliingia. Magoti yake yalikuwa mabovu, na kuketi chini kulimchukua muda, mkono mmoja ukutani. Alipofika sakafuni akahema.

"Sema," alisema. "Mimi nitafuata."

"Mama, ni ndugu yako."

"Najua ni ndugu yangu. Nimemlea nikiwa na miaka kumi. Sema."

Tazim akabonyeza. "Mimi ni yule Tazim wa Tabata. Mlinisikia nikisema vimeng'enya vimeniponya. Nilisema baada ya siku kumi na mbili, na nilikosea. Wiki ya sita nilianguka kazini. Utumbo wangu umejeruhiwa upya. Daktari ameniambia hakuna kimeng'enya kinachomruhusu mtu wa seliaki kula ngano. Kama ulimpa mwanao kwa sababu yangu, mpeleke hospitali leo. Naomba mnisamehe."

Alitaka kuachia kidole. Roshanara aliushika mkono wake, akaisogeza simu mdomoni mwake, karibu mno, kama watu wazima wanavyofanya.

"Mimi ni Roshanara, dada yake Husseinali. Mkwe wangu anasema kweli. Chapati nilimpikia mimi. Nilikuwa nahesabu amekula ngapi, nikifurahi. Nilisikia anaumwa, nikajifanya sisikii, maana nilipenda kumwona anakula. Nyie mama zangu, mtoto akiwaambia tumbo linauma, msihesabu chapati. Basi."

Sauti ilikwenda kwenye kikundi kilekile. Alama mbili zikatokea, zikageuka bluu. Kisha watu watatu wakajitoa kwenye kikundi. Kisha simu ikaanza kulia.

*

Abid alirudishwa nyumbani siku ileile kabla ya adhuhuri, na mshahara wa nusu mwezi kwenye bahasha. Siku nne hakusema na mkewe ila kwa "chukua" na "weka". Siku ya tano alimkuta mama yake akifundishana na Tazim kukanda unga wa mtama uliogoma kushikana, wote wawili wametapakaa unga usoni, akasimama mlangoni akacheka bila kutaka. Baadaye alimwambia Tazim, "Nilikuwa naogopa. Bado naogopa." Hakusema zaidi, na yeye hakumtaka aseme.

Alipata kibarua cha kuandika magari yanayoingia na kutoka kwenye yadi ya saruji, Wazo, mbali na kwa mshahara pungufu. Walihamia chumba na sebule, Roshanara akalala sebuleni. Kadi za harusi na akika ziliacha kuja. Husseinali aliendelea kuuza katoni zake kwa watu wa gesi, na dada yake akawa anaonana naye misibani tu, wakiulizana afya kama majirani. Mama wengine wanne walimpigia Tazim: wawili wakamshukuru, mmoja akamtukana, mmoja akalia tu mpaka salio likaisha.

Mimba ilishikilia. Wiki ya thelathini na sita alizaliwa msichana wa kilo mbili na gramu mia mbili, mwenye kilio chembamba, akakaa siku tisa kwenye mashine ya joto.

Mtoto alipofikisha miezi mitatu, Tazim alirudi kwa Dokta Gaudens kupima damu. Roshanara alimsindikiza, mjukuu kifuani. Kwenye benchi la korido alikuwako mwanamke wa makamo ya Tazim na mtoto wa kike mwenye soksi nyeupe. Karani aliita, "Nargis, mtoto wa Hamida, yupo?" na yule mwanamke akainua mkono. Tazim akasimama palepale.

"Hamida," alisema. "Mimi ni Tazim."

Hamida alimtazama juu hadi chini. Uso wake haukulainika.

"Alilazwa siku kumi na moja," alisema. "Ile sauti yako ya kwanza niliisikiliza mara nyingi sana. Nilikuwa namwekea na yeye aisikie, apate moyo. Mpaka leo sijui nikushukuru au nikulaumu."

"Vyote ni haki yako."

Hamida akatazama pembeni. Nargis, aliyekuwa akisikiliza, alimvuta Tazim baibui.

"Na wewe huli mkate?"

"Sili."

"Na keki?"

"Keki pia sili."

"Hata kidogo? Hata wakikwambia kidogo haina neno?"

"Hata kidogo," alisema Tazim.

Mtoto alilifikiria jambo hilo kwa makini, akitikisa miguu yake, ambayo sasa ilikuwa na nyama kidogo. Kisha akamgeukia mama yake kama aliyepata shahidi. Hamida akauondoa mkoba wake kwenye benchi, akauweka chini miguuni.

"Kaa," alisema. "Na mama akae na mtoto. Foleni bado ndefu."